Kufundisha Kiingereza ukiwa Tanga: serikalini, shule binafsi, tuisheni, mtandaoni au kwa watu wazima?

Walimu wa Kiingereza hapa Tanga huulizana sana ni wapi penye mshahara mzuri. Mimi naona swali likibaki hivyo linampoteza mtu, kwa sababu kazi mbili zenye mshahara uleule zinaweza kupishana mbali ukishatoa makato, nauli, na saa za kusahihisha daftari usiku. Kilinganishwe kinachobaki mfukoni kwa kila saa unayoitoa. Ukimaliza hapo, tazama anayelipa ni nani na Kiingereza kitamwingizia nini. Mzazi wa Makorora anayelipia mtoto wake afaulu Kidato cha Nne atalipa kadiri mwezi ulivyomwendea. Muuguzi anayetaka kwenda kufanya kazi Uingereza analipa akijua cheti cha lugha ndicho kimemzuia, na ankara yako haimtishi. Nimefundisha darasani, nimefundisha tuisheni, na sasa sehemu kubwa ya kipato changu inatoka kwa watu wazima. Nitaelemea huko, na sababu nitazitoa.

Viwango vya makato nitakavyotaja ni vya sheria. Ada na mishahara niliyotumia kwenye hesabu ni mifano tu, kwa hiyo weka namba zako uone zinatoka vipi.

Serikalini

Ajira za walimu siku hizi zinapita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unajisajili kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unaomba, unaitwa kwenye usaili, halafu unasubiri mkeka, yaani orodha ya waliopata. Umri usizidi miaka 45. Mwenye shahada huingia kama Mwalimu Daraja la III C, mwenye stashahada III B, mwenye astashahada III A. Somo letu linahesabiwa miongoni mwa masomo ya sanaa, na kwa miaka mingi kipaumbele kimekwenda kwa walimu wa sayansi na hisabati, kwa hiyo foleni yetu ni ndefu kuliko yao.

Ukishaingia, uzuri wake ni mkubwa na sipendi kuudharau. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na mwalimu yuko juu ya kima hicho. Kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 15. Bima ya afya mnachangia asilimia 3 kwa 3. Mshahara unakuja shule ikiwa imefungwa au imefunguliwa, na benki inakukopesha kwa kuangalia ajira yako tu.

Uzito wake ni kituo cha kazi. Unaweza kuwa umezaliwa Chumbageni ukapangiwa Kilindi, au nje kabisa ya mkoa, na ndoto ya kufundisha ukiwa nyumbani ikasubiri uhamisho. Halafu kuna darasa lenyewe. Mwongozo wa sekondari ni wanafunzi 40 kwa chumba, lakini ukikuta 70 usishangae, na mwalimu wa Kiingereza anajua insha 70 zinamaanisha nini kwa Jumamosi yake.

Ushauri wangu: omba kila tangazo linapotoka, nyaraka zako ziwe tayari wakati wote, ila usikae bure ukisubiri mkeka.

Shule binafsi

Hapa ndipo wengi wanapoanzia, kwenye shule za ingilishi midiamu za mjini au bweni za taasisi za dini kule Lushoto na Korogwe. Zinaajiri haraka na zinathamini Kiingereza cha kuongea. Mwalimu anayezungumza kwa ufasaha anaweza kuchukuliwa ndani ya wiki, hata kama cheti chake si kikubwa.

Lakini piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme mkataba unasema shilingi 600,000 kwa mwezi na una deni la Bodi ya Mikopo. Mchango wa pensheni wa NSSF, asilimia 10, ni 60,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 zinatozwa asilimia 8, na 20,000 za juu zinatozwa asilimia 20. Jumla ya kodi ni 24,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 90,000. Mkononi zinakuja 426,000.

Sasa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Shule binafsi ikikupa vipindi, zamu, usimamizi wa maandalio ya jioni na klabu ya midahalo, saa hizo zinajaa, na kusahihisha bado. Ukiongeza saa 10 za kusahihisha na kuandaa masomo, mwezi una saa zipatazo 236. Gawanya: umebaki na shilingi 1,800 hivi kwa saa. Ukipanda bajaji kwenda na kurudi kila siku, inashuka zaidi.

Simkatishi mtu tamaa. Shule inayotoa nyumba na chakula, kama nyingi za bweni, inabadilisha hesabu hii kabisa, kwa sababu kodi ya chumba na mboga ndivyo vinavyomaliza mshahara wa mwalimu kijana. Ukilinganisha shule ya mjini inayolipa 600,000 bila nyumba na ya Lushoto inayolipa 450,000 na nyumba, mlo wa mchana na maji, ya pili inaweza kukuachia akiba kubwa. Na kama ndiyo kwanza unatoka chuoni, miaka miwili kwenye shule yenye mkuu wa taaluma makini ni shule ya pili kwako.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubali, na uyaone kwa maandishi: je, Juni na Desemba mnalipa mshahara kamili? NSSF inapelekwa kila mwezi? (Usikubali jibu la mdomo. Ukishaanza kazi, fuatilia akaunti yako mwenyewe NSSF, maana kuna waajiri wanaokata na hawapeleki.) Mshahara hulipwa tarehe ngapi ada zikichelewa? Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, na mkataba uitaje. Jua pia kwamba ndani ya miezi sita ya kwanza ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haujakufikia. Baada ya hapo, ukiachishwa kwa uonevu, una siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mishahara iliyolala, ni siku 60. Walimu wengi huenda wakiwa wamechelewa kwa sababu walikuwa wanaendelea kuahidiwa.

Tuisheni

Kwa saa, tuisheni ya kikundi inalipa kuliko shule nyingi binafsi, lakini kiasi chake ni kidogo na hakitulii. Chukua watoto 12 kwa shilingi 15,000 kila mmoja kwa mwezi, mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Ni 180,000 kwenye daftari. Wawili hawatalipa, na huwezi kumtoa mtoto nje kwa kosa la mzazi, kwa hiyo ni 150,000. Toa 40,000 za chumba Ngamiani na 20,000 za kutoa kopi za majaribio. Zimebaki 90,000 kwa saa kama 29 ukihesabu na maandalizi, yaani 3,100 hivi kwa saa. Ni nzuri kuliko 1,800, lakini 90,000 haiendeshi nyumba, na ukiongeza vikundi unakutana na ukuta: watoto wote wana nafasi saa zilezile, kati ya alasiri na magharibi, na wengi wao wana madrasa.

Njia ya kuivuka ni kumfuata mtoto nyumbani, Raskazone au kwingineko wanakoishi wazazi wenye uwezo, kwa malipo ya saa na si ya mwezi. Mzazi huyo hafuati bei, anafuata sifa. Sifa hiyo hujengwa na mtoto mmoja aliyekuwa hawezi kusoma aya akaanza kusoma, na mama yake akasema mbele ya wenzake.

Jambo moja kwa mwalimu aliyeajiriwa: usiwatoze wanafunzi wa darasa lako mwenyewe. Mtoto anayeona mwalimu anafundisha vizuri zaidi jioni kwa hela kuliko asubuhi bure anajifunza jambo baya, na mwajiri akikubana hutakuwa na pa kusimama. Fundisha wa shule nyingine.

Mtandaoni

Hapa ndipo penye matangazo mengi na ndoto nyingi, kwa hiyo nitaingia ndani kidogo.

Majukwaa yako ya aina mbili. Kuna yanayokupangia bei na wanafunzi, na mengi ya hayo hutaka pasi ya kusafiria ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na nchi chache nyingine. Mtanzania anafungiwa mlango kabla hajafungua mdomo, haijalishi Kiingereza chake. Aina ya pili ni soko huria, ambapo unaweka wasifu, video na bei yako, na mwanafunzi anachagua. Hapa mlango uko wazi zaidi. Mifano inayojulikana ni italki na Preply.

Linganisha makato yao. italki inachukua asilimia 15 ya kila somo. Preply inaanza kwa asilimia 33 na inashuka kadiri unavyofundisha saa nyingi hadi 18, na somo la kwanza la majaribio na kila mwanafunzi mpya inalichukua lote. Ukiweka bei ya dola 8 kwa saa, na tukikadiria dola kuwa shilingi 2,500, kwenye italki unabaki na 17,000 na kwenye Preply ukianza unabaki na 13,400. Lakini usikimbilie ya kwanza kwa hesabu hiyo pekee. Lililo muhimu kwa mgeni ni wapi ataonekana na kupata wanafunzi wake wa mwanzo, na hilo linajulikana kwa kujaribu tu.

Fikiria pia saa za ulimwengu. Saa mbili usiku Tokyo ni saa nane mchana hapa, muda ambao mwalimu wa shule yuko darasani lakini aliyejiajiri yuko huru. Jioni ya Brazil inaangukia kwetu usiku wa manane. Uturuki na Saudi Arabia saa zao ni sawa na zetu kabisa: mtu wa Istanbul akitoka kazini saa kumi na mbili, na wewe umeshatoka. Mwalimu mwenye kazi ya mchana awatafute hao.

Gharama zake ni bando, kipaza sauti cha masikioni kinachosikika vizuri, na betri au jenereta ya siku umeme unapokatika. Kabla hujafungua akaunti, hakikisha fedha zitafika benki yako ya hapa kwa njia gani na kwa ada gani. Payoneer ni mojawapo ya njia zinazotumiwa na majukwaa haya. Usifundishe mwezi mzima halafu ndiyo uanze kuuliza.

Na usisahau yaliyotokea China. Julai 2021 serikali yao ilibana biashara ya masomo ya ziada, na kazi za maelfu ya walimu wa nje waliokuwa wakifundisha watoto wa huko kwa kamera zikakatika kwa kipindi kifupi. Kipato kinachotegemea jukwaa moja na nchi moja kinaweza kuzimwa na uamuzi usiokuhusu.

Kuhusu vyeti: kozi za saa 120 za kufundisha Kiingereza kwa wageni zinauzwa mtandaoni kwa bei rahisi na zinatosha kujaza nafasi kwenye wasifu. CELTA ya Cambridge ni jambo jingine. Nayo ni saa 120 hivi, lakini ndani yake una angalau saa sita za kufundisha wanafunzi halisi ukiangaliwa na kukosolewa, na gharama yake ni kubwa mno kwa mshahara wetu. Mimi singekopa kwa ajili yake ili nifundishe mtandaoni kwa dola 8. Ningeifikiria kama nataka kuwafundisha wafanyakazi wa makampuni, au walimu wenzangu.

Watu wazima na makampuni

Tanga ya leo si ile ya miaka kumi iliyopita. Bandari imechimbwa kina na meli kubwa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe. Kuna mashamba ya mkonge, hoteli za Pangani na Ushongo, waongoza watalii wa mapango ya Amboni na wa milima ya Usambara. Katika kila sehemu hiyo kuna mtu anayejua kazi yake vizuri sana lakini anashindwa kupanda cheo kwa sababu hawezi kuandika ripoti ya ajali kwa Kiingereza, au kujibu simu ya mgeni.

Mtu huyo hahitaji kitabu cha Kidato cha Pili. Mwosha vyombo anayetaka kuwa mhudumu wa mezani anahitaji sentensi zipatazo 60 azimiliki kikamilifu: kukaribisha, kuuliza mzio wa chakula, kuomba radhi chakula kikichelewa, kueleza samaki huyu ni changu au kolekole. Mlinzi wa geti anahitaji maagizo ya usalama. Mwalimu anayekwenda kukaa siku moja jikoni au getini na daftari, akaandika wanachosema wenyewe kwa Kiswahili, anatoka na mtaala ambao hakuna shule itakayomuuzia.

Bei yake? Usiuze kwa mwezi. Uza kozi. Kwa mfano, wafanyakazi sita, saa 24, wiki nane, shilingi 40,000 kwa saa inayolipwa na kampuni: 960,000. Kampuni itazuia kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, 48,000, nawe udai cheti cha kodi hiyo ya zuio kwa sababu kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Toa 80,000 za usafiri na karatasi. Zinabaki 832,000. Hesabu saa moja ya maandalizi kwa kila saa ya kufundisha, jumla 48, na umepata 17,300 hivi kwa saa. Linganisha na ile 1,800.

Ugumu uko mahali pengine. Kampuni inataka TIN (namba ya mlipakodi), ankara na risiti. Inalipa siku 30 baada ya ankara, na nyingine huchelewa zaidi, kwa hiyo omba sehemu mwanzoni. Taasisi za umma hununua huduma kupitia mfumo wa NeST, na ukitaka kazi zao lazima uwe umesajiliwa humo. Mradi ukiisha, darasa limeisha. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, na kwa wafanyakazi wa miradi ni kweli tupu. Mwenye familia asitegemee kampuni moja.

Hoteli zina kalenda yake. Masika ya Aprili na Mei wageni ni wachache na wafanyakazi wana muda, lakini meneja hana fedha. Nenda Februari, wakati mapato ya msimu bado yapo, mkubaliane darasa la Aprili na ulipwe nusu palepale.

Kundi ninalolipenda kuliko yote ni wauguzi. Baraza la wauguzi la Uingereza linakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama 7.0 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Muuguzi wa Tanga aliyesoma kwa Kiingereza mara nyingi anasoma na kusikiliza vizuri, lakini kuandika kunamwangusha. Mwalimu anayeujua mtihani wenyewe ana kazi: sehemu ya kwanza ya kuandika ni maneno 150 ya kueleza mchoro au jedwali, ya pili ni insha ya maneno 250, vyote kwa saa moja, na mazungumzo ni dakika 11 hadi 14. Ufanye mtihani huo mwenyewe kwanza, halafu weka alama zako hadharani. Ukiwa na 8, huhitaji kumweleza mtu zaidi. Na uwe mkweli kwa mwanafunzi. Mwenye kiwango cha 5 hafiki 7 kwa wiki sita, na kumchukulia fedha zake kwa ahadi hiyo ni dhuluma.

Nani achague nini

Mhitimu mpya asiye na majukumu: shule ya bweni yenye nyumba, miaka miwili, huku unaomba serikalini. Huko utajifunza kushika darasa, na bila hilo kampuni itakuona hufai siku ya kwanza.

Mama au baba mwenye watoto shuleni na nyumba ya kulipia: serikalini ukipata, usiache kwa sababu ya dola za mtandaoni. Ongeza mwanafunzi mmoja au wawili wa Istanbul usiku, au muuguzi mmoja Jumamosi. Bima na pensheni ni sehemu ya malipo, ingawa hazionekani mkononi.

Aliye kwenye shule binafsi ya mjini isiyotoa nyumba, yenye mishahara ya kusuasua: huyu ndiye ningemhimiza zaidi kuhamia kwa watu wazima. Afanye taratibu. Kikundi kimoja cha Jumamosi kwanza, katika ukumbi wa taasisi au darasa la kukodi, hadi kipato chake kifike nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato. Hapo akate mkataba kwa heshima. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, na nakala abaki nayo. Ajipange pia iishie Desemba, si Septemba, kwa sababu Kidato cha Nne wanaingia kwenye mtihani Novemba, na wale watoto hawana mwalimu mwingine wa kuwasahihishia insha za mwisho.